Unga wa Betri

Watu wa mtaa ule walikuwa wameshasahau jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa walimwita Bi Chaji, watoto wakamwita Bibi Chaji, na mwenyewe ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho alichelewa kugeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Miaka hamsini na tisa haikuwa imempunguzia haraka hata kidogo. Akitembea ungedhani ameacha maziwa motoni.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Nguzo za umeme zilikuwa zimekomea barabara kuu, na ahadi ya kuzivusha ilikuwa imezeeka mpaka watu wakaacha kuitania. Kwa hiyo kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na kibao cha sola juu ya bati. Kibao chenyewe hakina matata, ukikifuta vumbi kinadumu. Kinachokufa ni betri. Ile betri nzito ya asidi inakupa miaka miwili mitatu, kisha inaanza uvivu: leo taa zinafifia mapema, kesho redio inakoroma, keshokutwa kimya. Zamani watu walizitupa mtaroni. Bi Chaji ndiye aliyewafundisha kutozitupa.

Ufundi aliurithi kwa mumewe, aliyekuwa fundi wa betri za magari. Marehemu alipofariki aliacha karakana ya mabati ubavuni mwa nyumba, msumeno, koleo, ndoo tatu na mjane ambaye kwa miaka ishirini alikuwa amemshikia betri huku akimtazama anavyofanya. Wiki mbili baada ya msiba, Bi Chaji alivaa aproni ya mumewe, akaifunga mara mbili kiunoni kwa sababu ilimpwaya, akaingia kazini.

Alikata mfuniko kwa msumeno. Akamwaga asidi kwenye shimo nyuma ya ua. Akachomoa sahani za risasi, vile vibamba vya madini laini ya kijivu vilivyo ndani ya betri, moja moja, akizigonga kwenye jiwe ili ule unga wa kijivu ulioganda udondoke, akatenga nzima na mbovu. Katika betri tatu zilizokufa alipata moja hai. Vipande vilivyobaki aliviyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, akamimina risasi ile nyeupe ya kumetameta kwenye viungo vya sahani, na ikishapoa akajaza asidi mpya na kuiweka juani ichajiwe. Ilipowasha taa alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema asiyotaka kuionyesha sana.

Hakutupa kitu. Fremu za paneli zilizopasuka zikawa fremu za madirisha. Nyaya zikawa kamba za kuanikia nguo. Makasha matupu ya betri aliyajaza udongo, akapanda mboga za majani, akayapanga ukutani kuanzia mlango wa karakana hadi mlango wa jiko, hatua nne tu. Majirani wakaja kuomba makasha, nao wakapanda. Mwaka mmoja wakaja watu wa shirika la mazingira na kamera. Wakampiga picha akiwa ameshika betri kama anayembeba mtoto, wakampa cheti kilichosema yeye ni mfano wa kuigwa. Akakitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya mumewe.

Aliishi na mjukuu. Binti yake wa pekee alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli katika mji mwingine, kazi ya zamu isiyomruhusu mtu kulea, na mtoto alipofika miaka miwili alimleta kwa mama yake. "Miezi michache tu, mama," alisema. Miezi ikawa miaka. Mtoto yule alikuwa na mdomo usiopumzika, na majirani wakamwita Kasuku. Alikaa kwenye mlango wa karakana, miguu imenyooka, akauliza maswali toka anaamka hadi analala.

"Bibi, hii imekufa?"

"Imekufa."

"Utaifufua?"

"Nitaifufua."

"Na babu?"

Bi Chaji aliacha kugonga sahani. "Babu yako hakuwa na betri, mjukuu wangu."

"Mtu angemwekea," alisema Kasuku, na Bi Chaji akacheka mpaka machozi yakamtoka, ingawa hakujua kama ni ya kicheko.

Mtoto alipotimiza miaka minne, bibi alimtengenezea zawadi. Alichimba maumbo kwenye mchanga wenye unyevu, akamimina risasi iliyoyeyuka, ikatoka seti ya visufuria vitatu na kijiko chake, vizito, vyenye kung'aa, vizuri kuliko vya dukani. Kasuku alivipenda kupita kiasi. Alipika humo matope, majani na mawe, akaonja mapishi yake kwa kijiko na kulamba midomo kama mtu mzima. Akalala navyo.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza tumbo. Mtoto alilalamika linamkata, hapati choo siku tatu, nne. Bi Chaji akampa dawa ya minyoo. Kisha akawa anasukuma sahani ya chakula na kununa. Kasuku aliyekuwa akicheka na kila mpita njia akawa na hasira za ghafla, anajitupa chini, anapiga kichwa ukutani. Bi Chaji alisema ni kumkosa mama yake. Baadaye akaanza kujikwaa mahali pasipo na kitu.

Halafu maneno yakapungua. Hakuna aliyejua ni siku gani hasa. Ilikuwa kama betri zile zile, leo swali moja limekosekana, kesho jingine. Siku moja kinyozi, jirani wa mlango wa pili ambaye mashine zake za kunyolea zilitegemea betri ya Bi Chaji, alipita akamkuta mtoto ameketi kimya mlangoni.

"Vipi, Kasuku? Chaji imekwisha?"

Bi Chaji alicheka. Kicheko kile alikuja kukijutia zaidi ya mambo mengi makubwa.

Asubuhi moja, wakiwa wanakunywa uji, kikombe kilimponyoka Kasuku. Macho yakapanda juu, mwili ukakakamaa, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Bi Chaji alipiga ukelele uliowatoa watu ndani. Kinyozi alikuja mbio, sabuni ya mteja bado mikononi. Akawapakia wote wawili kwenye pikipiki yake, akaiendesha hadi hospitali bila kuzima honi.

Degedege lilitulizwa kwa sindano. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto kwa muda mrefu, akamfunua midomo na kutazama fizi, akagonga magoti. Kisha akaushika mkono wa Bi Chaji na kuugeuza kama anayesoma. Kwenye mistari ya kiganja na pembeni mwa kucha kulikuwa na ukijivu ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuutoa miaka mingi.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Natengeneza betri za sola, daktari."

"Wapi?"

"Nyumbani. Karakana iko pale pale uani."

"Mtoto huwa anaingia?"

"Haingii. Anakaa mlangoni." Alifikiri kidogo. "Na kwenye mapaja yangu."

"Ukiwa umevaa nguo za kazi?"

Bi Chaji aliuvuta mkono wake, akauficha chini ya mwingine. Daktari akaendelea kuandika. "Anachezea nini?"

Hapo uso wa bibi ulichangamka kidogo, maana hilo lilikuwa swali aliloweza kulijibu bila aibu. "Ana visufuria vyake. Nimemtengenezea mwenyewe."

"Vya udongo?"

"Hapana, vya risasi."

Kalamu ya daktari ilisimama. Alimtazama bibi, si kwa ukali, na kutokuwa mkali kule ndiko kulikomtisha Bi Chaji.

Damu ya mtoto ilipelekwa maabara ya mbali. Majibu yalichukua siku tisa, na siku zile daktari hakuruhusu mtoto arudi nyumbani. Karatasi ilipokuja alimkalisha Bi Chaji kwenye chumba kidogo chenye mizani ya watoto, akamweleza pole pole. Risasi ya kwenye betri inakuwa unga, unga unapanda hewani, unakaa kwenye nguo, kwenye sakafu, kwenye mboga, kwenye vidole vya mtoto, na vidole vya mtoto vinaishia mdomoni. Ikishaingia kwenye damu haitoki kirahisi, na inapenda ubongo unaokua. Kiasi alichokuwa nacho Kasuku kilikuwa zaidi ya mara kumi ya kile kinachofanya madaktari wakose usingizi.

"Mtampa dawa," alisema Bi Chaji.

"Tutampa. Itaivuta risasi itoke kwenye damu."

"Atarudi kuwa kama alivyokuwa?"

Daktari alikunja karatasi mara mbili, akaikunjua. "Dawa inatoa risasi, bibi. Hairudishi kilichoharibika."

Kumpigia tena simu binti yake kulimchukua saa nzima ya kuzunguka ua wa hospitali. Akabonyeza namba, akakata, akabonyeza tena.

"Mama, vipi mtoto? Degedege limerudi?"

"Halijarudi. Wameujua ugonjwa. Wanasema ana risasi mwilini."

Upande wa pili kulisikika kitu kikianguka. "Risasi? Mama! Nani kampiga mwanangu?"

"Hakupigwa—"

"Nani kampiga? Polisi wanajua? Mama, sema!"

"Hakupigwa na mtu, mwanangu. Risasi ya betri. Ile ya kwenye betri zangu."

Bi Chaji alisikia mashine za kufulia zikinguruma nyuma ya binti yake. Kisha simu ikakatika.

Binti alifika kesho yake mchana, bado amevaa sare ya kazi. Alimpita mama yake kwenye korido, akaingia wodini, akaketi kitandani na kumkumbatia mtoto. Kasuku alimtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu kukumbuka uso aliouona mahali.

"Niite," alisema binti. "Niite kama zamani."

Mtoto alifungua mdomo, akaufunga.

Walizungumza baadaye, nje, kwenye benchi la saruji.

"Ulikuwa hujui?" binti aliuliza. "Baba hakukuambia?"

"Aliniambia ninawe mikono kabla ya kula. Nilijua si kitu cha kula. Sikujua kinatembea."

"Na baba mwenyewe? Ile mikono yake iliyokuwa inatetemeka? Lile tumbo? Alivyokuwa anatugombeza bila sababu mwisho mwisho?"

Bi Chaji alikuwa ameshafika huko peke yake, katika zile siku tisa. Walisema ni presha. Walimzika kwa presha. Akainamisha kichwa, na binti yake, aliyekuja na maneno mengi ya kumwambia, akaona sehemu ile ya kisogo yenye mvi na akashindwa kuyasema. Hakumsamehe pia.

"Mtoto akitoka, ninaondoka naye," alisema. "Kazi nitajua la kufanya."

"Ni haki yako."

"Sikuombi ruhusa, mama."

Bi Chaji alipopimwa naye, ilionekana damu yake ilikuwa na risasi nyingi kuliko ya mtoto. Hakujali. Alirudi nyumbani, akafunga karakana kwa kufuli, akang'oa mboga zote na kuzifunga kwenye magunia ya nailoni. Visufuria vitatu na kijiko alivipeleka hospitali, daktari akavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuandika kwa kalamu nyekundu. Kisha Bi Chaji akafanya jambo lililomgharimu kuliko yote. Alipiga moyo konde, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Alianza kwa wale aliowapa makasha ya kupandia. "Ng'oeni mboga. Msile. Wapelekeni watoto wakapimwe damu." Wengine walimshukuru bila kumwelewa. Mama mmoja mwenye cherehani alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa unatuambia ulikuwa unatuuzia sumu?" Bi Chaji akasema ndiyo. Hakutafuta neno laini. Mama yule akafunga mlango, lakini alimpeleka mwanawe. Kati ya watoto kumi na wanane waliopelekwa, kumi na mmoja walikutwa na risasi kwenye damu. Hakuna aliyefikia kiasi cha Kasuku, ila daktari alisema hakuna kiasi kizuri.

Mtaa ukagawanyika. Waliokuwa na watoto wadogo waliacha kumsalimia. Waliokuwa na betri zinazokufa walimkasirikia kwa sababu nyingine. Kinyozi alikuja amekunja uso.

"Bi Chaji, betri yangu imelala. Wateja wanarudi nywele nusu."

"Sitengenezi tena."

"Basi nipe vifaa vyako nijaribu mwenyewe. Nimekuona ukifanya mara mia."

"Hata mimi nilimwona mume wangu mara mia."

"Unataka turudi kwenye vibatari? Moshi wa mafuta ya taa nao si sumu? Mama yangu alikohoa mpaka akafa."

Bi Chaji alijua vibatari. Alijua macho mekundu ya watoto wanaosoma karibu na moto. Alisema tu, "Vifaa sikupi," na kinyozi, aliyempeleka Kasuku hospitali huku honi ikilia, akaondoka bila kuaga.

Wakaja maofisa wa afya, wamevaa glavu na barakoa. Walichota udongo wa uani kwenye vichupa, wakazungushia karakana utepe mwekundu na kusema kuna kiwanda chenye mitambo ya kuyeyusha betri bila kuachia unga, litakuja gari kuzichukua. Gari halikuja mwezi ule wala uliofuata. Utepe ulifubaa, upepo ukaukata. Bi Chaji akasubiri mpaka akachoka kusubiri. Akajifunga kitambaa puani, akalowesha sakafu kwa maji ili unga usiruke, akatia sahani kwenye madumu yenye mifuniko, akabandika karatasi ya onyo kwenye kila dumu. Kazi ile ilimchukua wiki sita, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kuangusha vitu. Cheti alikitoa ukutani, akakosa pa kukiweka, akakisimamisha sakafuni, uso ukutani.

Mwaka haukwisha kabla fundi mwingine hajaibuka, mitaa miwili mbele, kijana mwenye nguvu na msumeno mpya. Watu walifurahi. Bi Chaji alikwenda kumwona. Akamkuta ameketi uani kwake, sufuria ya risasi inafuka, mkewe mjamzito anafagia unga karibu na miguu yake.

"Usifagie mkavu," Bi Chaji alimwambia yule mke. "Mwagia maji kwanza. Na wewe usikae hapa kabisa na hiyo mimba."

Kijana akainuka. "Mama, biashara yako imekufa, usije kuniulia yangu."

"Sikuja kwa biashara. Nenda hospitali, muulize daktari habari za mjukuu wangu."

"Nimesema ondoka."

Aliondoka. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Kijana alimfukuza kila mara, mara moja kwa kumwagia maji. Lakini mara ya tano Bi Chaji alikuta mke hayupo uani. Alikuwa amehamia kwa dada yake hadi ajifungue. Kijana mwenyewe aliendelea kuyeyusha.

Bi Chaji alikwenda kumwona mjukuu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa basi la saa tano. Binti alipanga chumba kimoja karibu na hoteli, na mtoto alishinda kwa mama mmoja aliyelea watoto wa wafanyakazi. Kulikuwa na utaratibu mlangoni ambao hawakuwahi kuujadili. Binti alimletea mama yake beseni, sabuni na gauni safi. Bi Chaji aliosha mikono hadi kwenye viwiko, akaingia bafuni, akavua kila alichokuja nacho, akakitia kwenye mfuko na kuufunga. Hakuwa ametengeneza betri kwa miaka miwili. Hata hivyo hakusema, "Mbona nimeacha?" Alivaa gauni la binti yake, lililomfika kwenye nyayo, akatoka.

Kasuku alikuwa na miaka sita na miezi kadhaa. Degedege lilikuwa limekoma. Alitembea vizuri, alikula, alicheka akitekenywa. Maneno yalikuwa yamerudi machache, mengine yakiwa nusu, na mwalimu wa shule ya watoto alikuwa amesema asubiriwe mwaka mmoja zaidi, kisha wataona. Jina lake la utani hakuna aliyelitumia tena.

Jumapili moja binti aliitwa kazini kwa dharura. Alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, akamtazama mama yake, akamtazama mtoto. Tangu hospitali hakuwa amewaacha wawili peke yao hata dakika moja.

"Nitarudi saa kumi," alisema hatimaye.

"Hatutatoka nje," alisema Bi Chaji.

Mlango ukafungwa. Mtoto alikuwa ameketi mkekani na vifuniko vya chupa za soda alivyopewa shuleni, akivipanga mstari na kuvigusa kwa kidole.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Akasimama. Kidole kilibaki juu ya kifuniko cha nne. Alikunja paji la uso kama anayetafuta kitu gizani, kisha akarudi mwanzo.

"Moja. Mbili. Tatu."

Bi Chaji alijikusanya ndani ya lile gauni refu, akashuka mkekani taratibu kwa sababu magoti yalimuuma. Alitaka kumwambia linalofuata. Lilikuwa mdomoni. Akalizuia, akasubiri, na mtoto akarudi mwanzo tena, na tena, na mwanga wa dirishani ukasogea kutoka ukutani hadi sakafuni wakiwa bado pale, vichwa vimeinamia vifuniko vile vile.